Kamera ya joto huona ngozi, haioni kinachomsumbua mtu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kamera ya joto inayotambua msongo wa mawazo nimeisoma hadi mwisho, kisha nikairudia nikiwa na kalamu mkononi. Picha mliyoweka inavutia: uso wa mtu, paji limeng'aa manjano, mashavu yana rangi ya chungwa, pua imegeuka bluu. Chini yake mmeandika kwamba mtu huyo alikuwa na msongo wa mawazo. Huenda ni kweli. Ila picha ile peke yake haiwezi kunithibitishia hilo, na ninahofia wasomaji wenu, hasa wale wenye mamlaka juu ya wenzao, wataondoka wakiamini kwamba siku hizi mtu anasomwa moyo kwa kuelekezewa kamera.

Mimi ni fundi umeme wa kiwandani. Kamera ya joto ni chombo changu cha kazi. Naielekeza kwenye paneli, kwenye maungio ya kebo na kwenye beringi za mota, nikitafuta mahali panapochemka kabla hapajaungua. Siandiki kuikashifu. Naandika kwa sababu naijua, na anayekijua chombo hujua pia mahali kinapomdanganya mwenye haraka.

Kwanza, inapima nini? Kila kitu chenye joto hutoa mionzi. Mwanaastronomia William Herschel aliigundua mionzi hiyo isiyoonekana mwaka 1800, alipoutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembetatu na kuweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kile alichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali jicho lisipoona kitu, ndicho kilichopanda zaidi. Ngozi ya mtu, yenye joto la nyuzi 30 na kidogo, hutoa mionzi hiyo kwa wingi kwenye mawimbi ya urefu wa mikromita 9 hadi 10, na kamera zetu zimetengenezwa kupokea mawimbi ya kuanzia 8 hadi 14. Mwaka 1934 James Hardy alionyesha jambo ambalo mimi hulirudia kila nikipata nafasi: ngozi ya binadamu hutoa mionzi hiyo karibu kwa ukamilifu, iwe nyeusi au nyeupe. Rangi ya ngozi haiisumbui kamera ya joto. Si kila kifaa cha tiba kinaweza kujivunia hilo. Vile vifaa vya kubana kidoleni vya kupima oksijeni katika damu vimeshaonekana kutoa majibu ya juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kwa upande huu kamera ya joto inastahili sifa, na makala yenu haikuitaja.

Sasa pua. Kwa nini ipoe mtu akishtuka? Ncha ya pua ni gegedu lililofunikwa na ngozi, mafuta ni haba, na ndani yake kuna njia za mkato zinazounganisha mishipa inayoleta damu na ile inayoirudisha moyoni bila kupitia kapilari, ile mishipa midogo kabisa. Njia hizo zipo pia kwenye ncha za vidole, viganja, midomo na masikio. Ndizo mwili unazotumia kupunguza au kuhifadhi joto, na zinaendeshwa na neva zile zile zinazouandaa mwili kupigana au kukimbia, jambo ambalo Walter Cannon wa Harvard alilieleza mwaka 1915. Hofu ikiingia, neva hizo humwaga kemikali iitwayo noradrenalini, mishipa inabana, damu ya moto inabaki ndani kwenye misuli na viungo vikubwa, na ngozi ya pua inaanza kuifuata hewa ya chumba. Kushuka kwenyewe huanza ndani ya sekunde kadhaa. Kwa wengine ni sehemu ya nyuzi moja, kwa wengine ni nyuzi moja na zaidi. Pamoja na hayo, vijitundu vya jasho vilivyo juu ya mdomo na kando ya pua hufunguka, jasho likikauka linachukua joto, na kwenye kamera nzuri utaviona kama nukta ndogo za baridi. Hata pumzi inaonekana: tundu la pua hupoa mtu akivuta hewa na kupata joto akiitoa, hivyo unaweza kuhesabu pumzi zake ukiwa mbali, bila kumgusa.

Yote haya ni kweli na yamepimwa vizuri. Watafiti wana njia yao ya kumtia mtu kwenye shinikizo kwa makusudi, iliyotungwa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 1993. Anayepimwa hupewa muda mfupi wa kujiandaa, kisha anazungumza dakika 5 mbele ya jopo lisilotabasamu wala kutikisa kichwa, kisha dakika nyingine 5 anatoa 13 kutoka 1022, na 13 tena, na tena, kwa sauti. Akikosea anaambiwa aanze upya. Zamani ungepima mate yake ili kujua kiasi cha kotisoli, homoni ambayo hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 tangu mtihani uanze. Kamera ya joto inaonyesha badiliko pale pale, bila waya wala sindano. Kwa mtafiti hiyo ni neema kubwa.

Tulijaribu karakanani, wakati wa kubadilishana zamu. Kijana mmoja wa zamu yetu, mcheshi na asiyeogopa mtu, alijitolea. Nikamweka mbele ya kamera iliyokaa juu ya miguu yake mitatu, nikamwacha atulie kwanza, kisha nikampa hesabu ile ile ya Trier mbele ya wenzake wote. Alianza kwa madaha: 1009, 996, 983. Alipofika 970 akakwama, wenzake wakaanza kuguna, na pua yake kwenye kioo cha kamera ikaanza kufifia tunaiona. "Mzee," akaniambia huku anajifuta uso, "hii siyo kamera, hii ni askari." Tukacheka. Kabla hatujafunga, mwenzetu wa kitengo cha chumba cha baridi akaketi kwenye kiti kile kile kupumzika. Pua yake ilikuwa na baridi kuliko ya yule kijana alipokuwa ameelemewa na hesabu, na mwenye pua alikuwa anapiga miayo, anasubiri gari la kurudi nyumbani.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na makala yenu.

Kwenye kazi yangu sisemi kwamba kiungo hiki kina nyuzi 70 kwa hiyo ni kibovu. Naangalia fazi tatu, yaani nyaya tatu za umeme zilizopangana, zenye mzigo mmoja. Mbili zikiwa na nyuzi 40 na ya tatu ina 70, hapo pana jambo. Na hata hapo bado sijajua ni jambo gani: pengine nati imelegea, pengine kuna kutu, pengine mzigo haukugawanywa sawa. Kamera imenionyesha pa kufungua, sababu naitafuta kwa spana na mita. Uso wa mtu hauna fazi ya pili ya kulinganisha nayo. Kilicho halali kulinganishwa na pua yangu ya sasa ni pua yangu ya dakika chache zilizopita, katika chumba kile kile, nikiwa nimekaa vile vile. Pua ya jirani yangu haihusiki.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili na wameliandika kwenye karatasi za vipimo, ila wauzaji huzisoma nusu. Kamera ya kawaida ya viwandani ina namba mbili zinazochanganywa kila siku. Ya kwanza inaeleza tofauti ndogo kabisa inayoweza kuonekana kati ya nukta moja na nyingine, na ni ndogo kweli, nyuzi 0.05 au chini ya hapo. Ya pili inaeleza usahihi wa joto lenyewe inalolitaja, na kwa kamera nyingi ni kuzidi au kupungua nyuzi 2. Muuzaji hukutajia ile ya kwanza. Kwa hiyo kamera inaweza kukuonyesha kwa uhakika kwamba pua imeshuka kwa nusu nyuzi tangu swali lilipoulizwa, na wakati huo huo isiweze kukuambia kama pua hiyo ina nyuzi 31 au 33. Kamera zinazopima homa hutakiwa kuwa na usahihi wa nusu nyuzi, na mara nyingi ili kufika hapo huwekewa kando kifaa chenye joto linalojulikana, kamera ijisahihishe kwacho kila mara. Na hata kamera iliyotulia huyumba kadiri mwili wake wenyewe unavyopata joto. Ule mlio wa "tik" unaousikia kila baada ya muda ni kifuniko cha ndani kinajifunga ili ijirekebishe. Aliyerekodi uso wa mtu bila kujua maana ya mlio huo anaweza kuona "badiliko" ambalo halikutokea kwa mtu bali ndani ya kamera.

Halafu hizo rangi. Bluu haiko puani. Programu ya kamera huchukua joto la chini kabisa na la juu kabisa katika picha, ikagawa rangi katikati. Ukiacha ijipangie yenyewe, tofauti ya nusu nyuzi inaweza kupakwa bluu na manjano, ikamtisha anayeitazama. Akipita mtu nyuma amebeba birika la maji yaliyochemka, nyuso zote zilizobaki zinageuka bluu kwa mkupuo, na hakuna aliyepatwa na lolote. Ndiyo maana sisi mafundi hatukubali ripoti yenye picha isiyo na mstari wa kipimo pembeni, ule unaosema rangi ipi ni nyuzi ngapi. Picha yenu haikuwa nao. Naomba siku nyingine msichapishe picha ya joto bila mstari huo, na mtaje joto la chumba iliyopigwa.

Tukiachana na kifaa, kuna mwili wenyewe. Mimi natumia dawa ya shinikizo la damu ya kundi la beta-bloka, na moja ya kero zake zinazojulikana ni kupoza mikono na miguu. Vidole vyangu asubuhi ni vya baridi hata nikiwa sina deni wala ugomvi na mtu. Yuko mwenye hali ambayo Maurice Raynaud aliieleza mwaka 1862, ambaye mishipa ya vidole vyake, na wakati mwingine ya pua na masikio, hubana kwa baridi kidogo tu mpaka ngozi ikapauka. Aliyevuta sigara muda si mrefu, nikotini imeshambania mishipa. Aliyekunywa pombe, imemfungulia. Mwanamke aliye katika umri wa kukoma hedhi hupandwa na joto la ghafla usoni bila kuulizwa swali lolote. Aliyepanda ngazi, aliyenawa uso, aliyeketi chini ya kiyoyozi, mwenye mafua anayepumua kwa mdomo, wote hao watampa mpimaji picha ya kuhadithia. Miwani ndiyo kabisa: kioo kinachopitisha mwanga hakipitishi mionzi hii, macho ya mvaaji yanaonekana mashimo meusi, na kinachopimwa hapo ni joto la kioo.

Hata hisia zenyewe hazijipangi kwa rangi. Watafiti wa Japani, Nakanishi na Imai-Matsumura, walichapisha mwaka 2008 kwamba pua za watoto wachanga hupoa wanapocheka kwa furaha. Kwa furaha! Neva zinazobana mishipa hujibu mshtuko wa aina yoyote, mzuri au mbaya. Anayepewa habari ya kufiwa na anayeambiwa amefaulu mtihani wanaweza kukupa mstari unaofanana kwenye grafu. Mwenye kamera huongeza maana kutokana na alichokuwa anakitarajia tangu mwanzo.

Na msongo ule unaowala watu hasa, ule wa miezi na miaka, wa kuuguza mzazi, wa mkopo usiopungua, wa bosi asiyeridhika, haukai puani ukingoja kupigwa picha. Kamera inanasa mwitikio wa dakika. Aliyeishi na mzigo huo mwaka mzima anaweza kuketi mbele yake pua ina joto lake la kawaida, kwa sababu dakika hiyo hakuna kilichomshtua. Mkimpitisha huyo kwenye mlango wenu wa kamera mtamwambia yu salama. Kosa hili naliona baya kuliko lile la kumtilia shaka mwenye pua ya baridi, maana huyu atarudi nyumbani na karatasi inayosema hana tatizo.

Tumeshawahi kupita njia hii. Mwaka 2002 watafiti Pavlidis, Eberhardt na Levine walichapisha katika jarida la Nature jaribio la watu 20, wanajeshi wapya wa Marekani. Baadhi yao waliambiwa wamchome kisu mwanasesere na kuiba dola 20, kisha wakane. Kamera iliangalia joto la kuzunguka macho. Iliwatambua 6 kati ya 8 waliokuwa na hatia, na kuwasafisha 11 kati ya 12 wasiokuwa nayo. Magazeti yalishangilia, ikasemwa viwanja vya ndege vimepata dawa. Sasa piga hesabu ya fundi: mmoja kati ya 12 wasio na hatia alitiwa hatiani, kwa hiyo kati ya abiria 1,200 wema ungewaweka kando 100 uwahoji, na bado robo ya wenye hatia wangepita. Mwaka uliofuata, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani katika ripoti yake juu ya mashine za kugundua uongo liliona kwamba jaribio hilo halikutoa ushahidi wa kutosha wa kuitumia kamera ya uso kwa kazi hiyo. Ripoti haikushangiliwa na mtu.

Kwenye saratani ya titi mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1956 daktari Ray Lawson wa Montreal aliandika kwamba ngozi iliyo juu ya uvimbe huwa na joto kuliko pembeni. Ni kweli huwa hivyo kwa wengi. Lakini mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo hicho mwaka 1982 kiende sambamba na mamografia tu, yaani eksirei ya titi, na imelazimika kuonya mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2019, kwamba hakichukui nafasi yake, kwa sababu wapo waliokuwa wanawauzia wanawake picha za rangi badala ya kipimo. Wakati wa Uviko tuliona kamera zikifungwa milangoni, watu wanapita kwa makundi, wengine na miwani, wengine wametoka juani. Maelekezo yenyewe yanataka mtu mmoja mmoja, awe amevua miwani, ametulia ndani kama dakika 15, na kamera ilenge kona ya ndani ya jicho. Hiyo ilikuwa homa, kitu chenye namba inayojulikana. Msongo wa mawazo hauna namba.

Nisieleweke kwamba kamera haina kazi kwenye eneo hili. Inayo, na pengine nzuri kuliko zote ni kwa wale wasioweza kujieleza. Mizukami na wenzake mwaka 1990 waliwaelekezea kamera watoto wa miezi miwili hadi minne, wakaona paji la uso linapoa mama akiondoka. Mtoto wa umri huo humwulizi. Katika msitu wa Budongo, Uganda, watafiti waliwapima sokwe walioko huru wanaposikia kelele za sokwe wenzao, na matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha pua inashuka joto huku sikio likipanda. Hebu fikiri ungefanyaje vinginevyo: umkimbize sokwe ukamtoe damu, kisha umuulize kama ametaharuki? Hapo kamera imefanya ambacho vyombo vingi visingekifanya bila kuuharibu utafiti wenyewe. Mgonjwa aliyelazwa asiyeweza kusema, mtoto njiti asiyetakiwa kuguswa ovyo, hao nao nawaona katika kundi hilo. Mtu mzima mwenye ulimi wake hayumo.

Hofu yangu haitoki hewani. Hivi karibuni alikuja mshauri mmoja kiwandani kwetu kutuonyesha mfumo wa kamera za joto zinazofungwa chumba cha kuendeshea mitambo. Kompyuta ingekuwa inawatazama waendeshaji zamu nzima na kumpigia msimamizi kengele mwendeshaji "akipanda msongo". Alikuwa na picha nzuri kama zenu. Nilimwuliza inatumia nini kama kianzio cha kila mtu, akasema programu inajifunza yenyewe. Nikamwuliza inajifunza kutoka kwa nani, na nani aliyeiambia kwamba siku ile mtu huyo alikuwa ametulia. Akaniambia hilo ni swali zuri, akaenda kwenye slaidi inayofuata.

Umoja wa Ulaya umeshaligusa jambo hili. Katika kanuni yake ya akili bandia ya mwaka 2024, ambayo sehemu ya marufuku ilianza kutumika tarehe 2 Februari 2025, wamekataza mifumo inayokisia hisia za watu kazini na shuleni kwa kutumia alama za mwili, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Naiunga mkono, ingawa huo mlango wa "usalama" naona ni mpana. Kila muuzaji atajifunza kulisema neno hilo. Tena kanuni yenyewe inasema hali za mwili kama maumivu na uchovu hazihesabiwi kuwa hisia, kwa hiyo msishangae mfumo uliokuwa unauzwa kama wa msongo ukirudi mwakani na jina la kupima uchovu.

Liko pia suala la ridhaa. Kamera hii inafanya kazi gizani, haihitaji kukugusa, na ukiwa umeiweka vizuri inaona pumzi yako na mara nyingine mapigo ya moyo kwenye mshipa wa shingo au paji. Mtu anaweza kupimwa afya yake zamu nzima bila kujua kama amepimwa. Daktari akitaka vipimo hivyo hunieleza, huniuliza, kisha huvifungia kwenye faili langu. Msimamizi wa zamu hana kiapo hicho, na rekodi za kompyuta yake hatujui zinakaa wapi, zinakaa muda gani, na siku ya kupunguza wafanyakazi zitafunguliwa na nani.

Mwendeshaji mwenye msongo kazini kwetu anajulikana bila kamera. Ni yule aliyepangiwa zamu za usiku mfululizo kwa sababu mwenzake hajapata mbadala, na anayeshughulikia kengele za mitambo zinazolia bila sababu kwa kuwa vihisio vimechoka na havijabadilishwa. Orodha ya zamu imebandikwa ukutani. Vihisio vibovu nimevitolea ripoti mwenyewe.

Kamati yetu ya wafanyakazi imemwandikia mshauri huyo kupitia uongozi. Tumemwomba atuletee majaribio yaliyofanywa kwenye vyumba vya kazi halisi, si maabara, yakionyesha ni mara ngapi mfumo wake ulipiga kengele kwa mtu asiye na shida na mara ngapi ulinyamaza kwa mwenye shida, na hali zao zilithibitishwa kwa njia gani nyingine. Tumeuliza unafanya nini na mvaa miwani, mwenye ndevu, anayetumia dawa ya presha, na anayekaa chini ya kiyoyozi. Tumeuliza usahihi wa kamera zake, ile namba ya pili, na kama kuna kifaa cha kuzisahihishia chumbani. Na tumeuliza msimamizi akishapigiwa kengele anatakiwa afanye nini: ampumzishe mtu, au amwandikie? Akituletea majibu yenye akili, drili nitaishika mimi, nimfungie kamera zake ukutani.

Wenu,
Fundi umeme wa kiwandani
(Jina na anwani vimehifadhiwa)